Madirisha Manane ya Mwenzangu

Kompyuta ya ofisini kwetu ilifika Bukoba ikiwa imeshazeeka. Watu wa ng'ambo walikuwa wameitumia mpaka wakaichoka, wakatupa sisi, nasi tukaipokea kwa soda na hotuba mbili. Ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Ukiiwasha ilinguruma kwanza, ikanyamaza, halafu ikaanza kukwaruza huko ndani kama kuku anayetafuta mchwa.

Kazi yetu ilikuwa kuandikisha watoto yatima wa Bukoba na Muleba, na miaka ile kazi hiyo haikuwa na mwisho. Leo unaandikisha watoto watatu wa nyumba moja, mwezi ujao unasikia shangazi aliyewaleta naye yuko kitandani. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tulisema "anaumwa", na kila mtu akaelewa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Taipureta nilijifunza baada ya vita, ofisi zilipoanza tena, na nilipoiweza nikadhani nimemaliza mambo ya mashine katika maisha yangu. Kompyuta ilikuwa ya mwenzangu, mwanamume wa Buganguzi, kule Muleba, tuliyekaa naye chumba kimoja miaka sita. Alijifunza peke yake kutoka kwenye kitabu kinene cha Kiingereza, akikisoma huku anakula ndizi mchana. Mimi nilikuwa namtania kwamba anasali novena.

Aliipanga ile mashine kwa namna yake. Ukiiwasha tu, programu zake zote zilifunguka zenyewe, moja baada ya nyingine, kila moja kwenye dirisha lake: saa, kalenda, kikokotoo, kadi za watoto, jedwali la shule, barua, anwani, na moja ya kuchorea ambayo ndani yake alikuwa amemchorea binti yake nyumba yenye moshi. Madirisha manane. Alisema anapenda akifika akute meza imeshaandaliwa. Nilimwambia, "Wewe hata mashine inakuandalia meza, mkeo ana kazi." Alicheka. Kazi ikiwa nzito yeye alijua lipi alifunge na lipi aliache. Mimi sikuwa najua hilo, nilikuwa naona vidole tu vinakwenda.

Kisha akaanza kukohoa, akakonda, akaomba ruhusa ya wiki mbili akaenda kwao, na wiki mbili zikawa miezi mitatu. Hatukugusa kitu chake. Sweta lake lilibaki kwenye msumari, kiti chake kikabaki kimesogezwa nyuma kidogo kama alivyokiacha. Mzee wa stoo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, alipita kila asubuhi akafuta vumbi juu ya meza yake bila kusogeza hata kalamu. Hakuna aliyetoa amri. Kwetu ukianza kukusanya vitu vya mtu kabla hajafa, umemchimbia kaburi na amekuona.

Mimi nilikuwa na sababu zaidi ya desturi. Kaka yangu mwenyewe alipokuwa anaumwa, ndugu walikuja kumjulia hali, wakaondoka na baiskeli yake. Wiki iliyofuata wakaja wakaondoka na redio. Alikuwa amelala sebuleni, mlango uko wazi, anaona. Niliyaona macho yake siku ile, na nikaapa kwamba mimi sitamfanyia mtu hivyo hata nipewe nini.

Sasa, siku moja ya Jumatatu mke wa mwenzangu akaingia ofisini na vumbi lote la barabara ya Muleba miguuni. Nilimpa kiti, nikampa chai. Hakuinywa.

"Dada," alisema, "amenituma. Anasema ile karatasi ya kibanja imo kwenye mashine. Ameiandika mwenyewe yote alipokuwa na nguvu. Anaomba uitoe uilete, aweke saini mbele ya mashahidi."

Nikamuuliza karatasi ya kibanja ndiyo ipi. Akanieleza. Kibanja chao, migomba na kahawa, mwenzangu alirithi kwa baba yake. Wao wana watoto wawili, wote wa kike. Kaka yake mkubwa alikuwa ameanza kupita kila Jumapili baada ya misa, anazunguka kibanja polepole, anasimama kwenye mti wa mulamula wa mpakani, anautikisa kuona kama uko imara. Mtu hatikisi mpaka wa kibanja ambacho hakitaki. Mwenzangu alikuwa ameandika kurasa tatu: mipaka yote, nani alikuwepo baba yake alipomwonyesha, na kwamba kibanja ni cha mke wake na mabinti zake. Bila karatasi ile na saini yake, mama na watoto wangetolewa siku ya kuondoa matanga.

"Mipaka mingine mimi siijui," alisema. "Na yeye kuongea kunamchosha. Alisema wewe utaitoa tu, ni kitu cha dakika tano."

Dakika tano. Nilimwambia arudi kwa mgonjwa wake, kesho nitakuwa Buganguzi na karatasi mkononi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Akaondoka na gari la mchana.

Nikavuta kiti changu mbele ya mashine, nikaiwasha. Ikanguruma, ikakwaruza, madirisha yakaanza kufunguka moja moja mpaka yakaenea kioo kizima. Nikaliona jina la karatasi kwenye orodha, KIBANJA, kwa herufi kubwa. Nikabonyeza. Kikatokea kichwa cha habari na mstari mmoja na nusu: "Mimi niliyetaja jina langu hapa chini, nikiwa na akili timamu." Basi. Ikasimama. Alama ya kusubiri ikakaa pale katikati, na mimi nikakaa nayo. Nilisubiri mpaka chai ya yule mama ikapoa na utando juu.

Nilizima, nikawasha. Akili timamu. Nilizima tena. Safari hii nilipobonyeza, likaja sanduku dogo la maneno ya Kiingereza kwamba nafasi haitoshi. Hapo nikaona nimeelewa. Kabati likijaa unapunguza mafaili, si ndivyo? Nikaanza kufuta barua zangu za zamani humo ndani, mialiko ya mikutano, kumbukumbu za vikao ambavyo hata waliohudhuria walikuwa wameshazikwa. Nilifuta alasiri nzima. Kila nilipomaliza fungu nikajaribu, na mashine ikaniletea sanduku lile lile: nafasi haitoshi. Nilichanganyikiwa kabisa. Nimetoa mizigo chumbani na chumba bado kimejaa, nani amekaa humo?

Jumanne asubuhi mzee wa stoo alitoa ushauri kwamba ni joto. Tukaisogeza dirishani ipate upepo wa ziwa. Akasema ni vumbi. Tukafungua kifuniko nyuma, tukapuliza, likatoka vumbi la kutosha kupanda maharage, tukapiga chafya wote wawili. Tukaiwasha tukiwa na matumaini makubwa. Akili timamu, ikasimama. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kuipiga teke, na sikujua kipi kianze.

Mchana nikapanda kwa masista. Kule kulikuwa na Sista mmoja aliyekuwa anashughulikia uchapaji wa parokia na alikuwa na kompyuta kama yetu. Nilimweleza. Akaja na mimi mpaka ofisini, akakaa kwenye kiti changu, akaiwasha, akatazama yale madirisha yanavyojifungua. Hakugusa kitu.

"Hiyo nafasi uliyokuwa unasafisha siyo hii inayolalamikiwa," aliniambia. "Ulikuwa unapunguza vitu vya kabatini. Hii inasema mikono yake imejaa. Mwanamke amebeba mkungu kichwani, ndoo mkononi, mtoto mgongoni, na wewe unamwambia apokee na barua. Atapokea na nini?"

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Funga haya madirisha yote, ubaki na karatasi yako tu. Halafu uondoe ile amri inayoyafungua kila ukiwasha. Ni kazi ndogo. Nifunge?"

Nikaushika mkono wake. Kweli kabisa, nilimshika Sista mkono, mimi ambaye hata kumpita njiani naona haya.

"Usifunge, Sista. Ni vya mwenzetu. Yuko hai."

Alinitazama. Akasema kufunga si kufuta, vyote vitabaki vilipo, akirudi atavifungua. Nilimsikia kwa masikio. Lakini nilichokiona mimi ni mkono unaingia sebuleni kuchukua redio. Ile saa yake ilikuwa inakwenda pale kwenye kioo, mshale wa sekunde unazunguka. Kalenda yake ilikuwa na siku ambazo alikuwa ameziandikia mambo ya kufanya, na nyingine zilikuwa bado hazijafika. Ile nyumba yenye moshi ilikuwa pale pembeni. Mzee wa stoo alikuwa amesimama mlangoni na yeye akatikisa kichwa, "Hapana, waitu, jamani. Meza ya mtu aliye hai haifungwi." Sista hakubishana. Alisema kuna kipande cha kuongeza nguvu ya mashine kinaweza kupatikana Mwanza, kikipakiwa kwenye meli kinaweza kufika wiki ijayo, tukitaka kusubiri. Akaenda zake, ana kazi.

Na mimi nikasema tusubiri. Najua mnavyoniona. Hata mimi nikijisimulia naona aibu. Lakini siku ile nilijiona mtu mwema sana, mtu mwenye utu, tofauti na wale waliochukua baiskeli.

Jumatano niliendelea kubabaisha. Nilijaribu kuiwasha alfajiri nikidhani labda ikiwa baridi itakumbuka zaidi. Nilijaribu kubonyeza polepole. Nilijaribu kubonyeza haraka. Mara moja ilinionyesha mistari minne, nikachukua kalamu niinakili, ikazima kioo. Watu wa Muleba walipita ofisini siku hiyo, magari ya kwenda huko yalikuwa yanaondoka kila asubuhi na mchana, na mimi nilikuwa nimekaa pale na ile mashine tunatazamana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, watu husema.

Alhamisi mzee wa stoo akarudi kutoka sokoni na ndizi zake, hakuziweka chini. Alisema amekutana na mtu wa Buganguzi. Mwenzetu ameacha kula.

Nikakaa kwenye kiti cha mwenzangu. Miezi mitatu hakikukaliwa, na nilipokivuta mzee wa stoo akageuza uso. Nikaanza kufunga. Saa. Kikokotoo. Anwani. Kila dirisha likawa linaniuliza kwa Kiingereza kama nataka kuhifadhi mabadiliko, na sikujua mabadiliko gani, nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo kwa kila kitu, mpaka yale ambayo sikuyasoma. Nikafika kwenye ile nyumba yenye moshi. Nikafunga. Nilikuwa nalia na sikujificha.

Kisha nikabonyeza KIBANJA. Kurasa tatu zikafunguka zote. Nilitazama saa ya ukutani, haikupita hata dakika tano. Printa ikapiga kelele zake, karatasi ikashuka mstari kwa mstari, mipaka yote, mulamula kwa mulamula, na mwisho kabisa nukta nukta za mahali pa saini. Nilisimama pale na karatasi yenye joto mkononi, nimechanganyikiwa kuliko siku zote zile. Ilikuwa rahisi hivi?

Ijumaa nilichukua gari la kwanza. Nilibeba karatasi, kalamu mbili na wino wa muhuri wa ofisi. Kutoka Muleba nilipata pikapu ya kahawa, na kipande cha mwisho nikatembea. Mke wake alinipokea njiani, akanishika mikono yote miwili, akasema neno moja tu, "Asante." Mashahidi wawili, majirani, waliitwa. Katekista wa kigango akaja pia.

Mwenzangu alikuwa amelala ameegemezwa mito. Alinitambua. Alifungua mdomo, nikainama, lakini sauti haikuja. Nilimsomea kurasa zote tatu na kila mpaka alikuwa akifumba macho na kuyafumbua kukubali. Tukampa kalamu. Akaishika vizuri kabisa, namna ile ile niliyoizoea miaka sita. Akaiweka kwenye nukta nukta. Ikachora mstari mmoja ukashuka chini, ukaacha karatasi, ukaingia kwenye shuka. Tukajaribu mara ya pili. Kalamu ikaanguka.

"Juzi Jumatano alikuwa anaandika," mke wake alisema taratibu, hakumlenga mtu. "Alimwandikia mtoto mkubwa majina ya babu zake kwenye daftari. Ukurasa mzima."

Katekista akasema basi atie dole gumba. Nikafungua wino wa muhuri. Mkono ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo mke wake akaushika, akaubonyeza kwenye wino, akaubonyeza kwenye karatasi. Dole likatoka zuri, limejaa. Majirani wakaweka saini zao. Sote tukashusha pumzi. Mwenzangu alifariki Jumapili, na nilikuwepo kwenye mazishi.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa uani, kwenye nyasi zilizotandikwa. Mkuu wa ukoo aliipokea ile karatasi kwa heshima, akaisoma mpaka mwisho, akampa kaka mkubwa. Kaka mkubwa hakupiga kelele. Ningependa niwaambie alikuwa mtu wa kelele, ingenisaidia.

"Ndugu yangu alisoma," alisema. "Barua za kijiji hiki nani alikuwa anaziandika? Alifanya kazi ya mashine mjini. Leo naonyeshwa dole gumba. Mtu asiyejua kuandika ndiye anayetia dole. Nauliza tu, ni dole la nani?"

Shahidi wa kwanza akaulizwa. Ni la marehemu. Alilitia mwenyewe? Yule jirani ni mtu mkweli, na nilimwona anavyoteseka. Akasema mkono ulishikwa na mke. Pale uani watu wakaguna.

Nikasimama. Mgeni, mwanamke, wa ukoo mwingine, lakini mkuu wa ukoo akaniruhusu. Nikaeleza kwamba maneno yote ni yake, aliyaandika yeye akiwa na nguvu, na kwamba Ijumaa alikubali kwa macho na kalamu ikamshinda.

"Alianza kushindwa lini?" mkuu wa ukoo aliuliza.

"Jumatano alikuwa bado anaweza."

"Na aliiomba karatasi lini?"

"Jumatatu."

"Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa karatasi ilikuwa wapi?"

"Kwenye mashine."

"Ilizuiwa na nani?"

Nilijaribu kuwaeleza juu ya madirisha. Nilisema mashine ilikuwa imebeba vitu vingi, vilikuwa vyake, nami sikutaka kuvifunga akiwa hai. Wazee walinisikiliza kwa makini, wengine wakatikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu hilo walilielewa vizuri sana. Kisha mkuu wa ukoo akauliza tena, kwa upole, ilizuiwa na nani. Nikasema, "Na mimi."

Kaka mkubwa alipewa kibanja. Mama aliruhusiwa kukaa kwenye nyumba na kula ndizi za migomba ya nyuma ya jiko mpaka mabinti waolewe. Kahawa yote ikaenda.

Wageni walipoanza kutawanyika nilimfuata mke wa mwenzangu jikoni. Alikuwa anamenya ndizi za wale waliotoka mbali, kwa sababu lazima wale kabla ya kuondoka, hata wale waliotoka kumnyang'anya. Nikachuchumaa, nikachukua kisu nimsaidie. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia sikutaka kumfungia mumewe vitu vyake na yeye bado yuko hai, nilikuwa namheshimu.

Hakuwa na hasira. Aliendelea kumenya.

"Najua," alisema. "Lakini si alikuwa hai, dada? Ungetuma mtu aje amuulize. Angekwambia funga."

Nilimenya ndizi ile mpaka ikabaki nyembamba mkononi. Magari yalikuwa yanakwenda kila siku, asubuhi na mchana, na katika siku zote zile haikunijia akilini hata mara moja kwamba yeye ni mtu wa kuulizwa.